Asiyekula nyama naye ni mgeni wetu

Ndugu mfanyakazi, tarehe 1 ya mwezi wa tano inajulikana kwa moshi wake. Hapa Kasulo kama kwingine Kolwezi, babula zinatolewa nje, mbuzi anachinjwa, michopo inageuzwa. Ni vizuri. Lakini tazama pembeni: mwenzako ameshika soda na kipande cha mkate, anasema ameshiba. Hakushiba. Yeye hali nyama.

Watu hao ni wengi kuliko unavyofikiri. Waorthodoksi, wenye misioni hapa Kolwezi, hawali nyama, mayai wala maziwa katika mfungo wa kabla ya Pasaka. Mwaka 2024 Pasaka yao ilianguka tarehe 5 ya mwezi wa tano, basi sikukuu ya kazi iliwakuta wakifunga. Waadventista wengine wameacha nyama zote. Kati ya Wahindi wa miji yetu kuna ambao hawajaionja tangu kuzaliwa.

Kwa nini naandika haya katika ukurasa wa usalama? Kwa sababu anayetoka karamuni na njaa na kwenda zamu ya usiku, akili yake inachelewa, na anayechelewa mbele ya mashine anamhatarisha jirani yake pia.

Wengine wanasema chakula bila nyama hakishibishi. Sikubali. Maharagi na kalanga vinajenga mwili. Chemsha maharagi mpaka yaive kabisa, yaponde na kitunguu, pilipili na unga wa kalanga, finyanga vipande, vifunge katika majani ya ndizi, uviweke juu ya makala. Ukimpa mgeni na limau, damu yake itapata chuma zaidi. Chai aingoje baadaye. Ongeza viazi vitamu, mahindi mabichi, makemba na biringanya zilizopakwa mafuta ya mawese. Na kikanda chetu, je? Kikatwe vipande na kukaushwa kidogo juu ya moto: hakuna atakayeuliza nyama iko wapi.

Lakini fuateni masharti haya:

1. Maharagi yasiyoiva yana sumu ya tumbo. Moto wa babula peke yake hautoshi. Yalowekwe, kisha yachemke kwa nguvu kwanza.

2. Mihogo michungu isichomwe. Ni lazima ilowekwe siku kadhaa. Ya kuchoma ni ile mitamu tu.

3. Uyoga usioujua uache porini. Kuna uyoga wa kuua, na moto hauondoi sumu yake.

4. Kalanga zenye ukungu zitupwe. Sumu yake inaharibu ini.

5. Choma chakula cha mgeni kwanza, kwa wavu na kisu safi. Sombe yenye kapenta usimfiche, mwambie kweli.

6. Mvua ikinyesha, usiingize babula ndani ya nyumba iliyofungwa. Gesi ya makala haina harufu, nayo inaua.

Kwetu Kasulo kuna sharti moja zaidi, nalo ni vumbi. Tangu mwaka 2014 watu walichimba kobalti hata chini ya nyumba zao. Utafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven, uliotangazwa mwaka 2018, uliwakuta wakaaji wa hapa, hasa watoto, na kobalti nyingi katika damu na mkojo kuliko majirani wasiokaa penye machimbo. Kwa hiyo lengalenga, nyanya na biringanya zioshwe kwa maji safi mara kadhaa. Mboga zisibebwe katika mifuko iliyobeba mawe ya mgodi. Bati na vyuma vya mgodini visigeuzwe kuwa wavu wa kuchomea. Na wewe unayetoka kazini, vua nguo za kazi, nawa mikono, ndipo ushike chakula.

Neno la mwisho ni kwa wale wasiokula kamwe nyama, samaki, mayai wala maziwa. Kuna vitamini moja, B12, ambayo mboga hazina, na ikikosekana muda mrefu damu na mishipa ya fahamu inaharibika. Msione haya kuuliza dispanseri juu ya vidonge vyake.

Wakuu wa vikosi, mnapochanga franka za mbuzi, tengeni za maharagi. Mwenzetu mmoja asile kwa macho huku sisi tunakula kwa mikono. Tunashuka mgodini pamoja, tule pamoja.