Tutazame Pamoja, Kisha Tuzungumze



Hivi karibuni kamati ya msikiti wetu ilipokea ombi la baadhi ya wazazi, kwamba ukumbi wa madrasa utumike mara moja kwa mwezi kuwaonesha vijana filamu zenye mafunzo ya dini na maadili. Wajumbe waligawanyika. Wapo waliosema ukumbi ule umewekewa Qur'ani na haufai kuingizwa mambo ya sinema. Wengine walijibu kuwa vijana wanatazama sinema kila siku, tena peke yao, usiku, chini ya shuka. Baada ya mashauriano marefu tuliafikiana kuwa ombi lina haki, ila mahali pake ni nyumbani, na wasimamizi wake ni baba na mama.

Uamuzi huo umewaacha wazazi na swali: tuanze na nini?

Katika Suratut-Tahrim, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anawaamrisha walioamini wazikinge nafsi zao na ahali zao na Moto. Amri hiyo haitimizwi kwa kunyang'anya simu peke yake, kwani mtoto aliyenyang'anywa kwao ataitazama kwa jirani. Kinga ya kweli ni mtoto kuwa na kipimo moyoni mwake, na kipimo hicho hujengwa kwa mazungumzo. Hapa ndipo filamu njema inapoweza kusaidia.

Nitoe mfano wa Le Grand Voyage, yaani Safari Kuu, iliyotoka mwaka 2004. Aliyeitengeneza ni Ismaël Ferroukhi, mzaliwa wa Moroko aliyekulia Ufaransa, na ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza. Mzee wa Kimoroko aishiye kusini mwa Ufaransa ameazimia kwenda Hija kwa gari, na anamtaka mwanawe Réda, aliye karibu na mitihani, awe dereva wake. Wanavuka nchi nyingi za Ulaya, kisha Uturuki, Syria na Jordan, hadi Makka. Mzee anasema Kiarabu, kijana anajibu Kifaransa. Wamo katika gari moja, lakini kila mmoja yu peke yake. Mzee anaitupa simu ya kijana. Kijana anaona baba yake ni mkaidi asiyeelewa dunia.

Njiani mzee anampa mwanamke masikini sadaka, ilhali fedha zao zimepungua. Réda anakasirika na kutaka kuzirudisha; baba anampiga kofi. Mwisho wa safari siusimulii, ila sadaka inarejea tena, na safari hii mkono unaotoa si wa baba. Familia ikifika hapo, mzazi azime televisheni na aulize: nani alikuwa na haki siku ile ya kofi? Asikilize jibu bila kulikatiza. Huenda akasikia mambo ambayo mwanawe hajapata kumwambia.

Kwa watoto wadogo ipo Children of Heaven ya Majid Majidi wa Iran, ya mwaka 1997. Ali anapoteza viatu vya dada yake, Zahra. Nyumbani hakuna fedha za kununua vingine, hivyo wanapokezana jozi moja kwenda shule. Katika filamu hiyo baba yao anavunjavunja sukari ya msikiti, mbele yake imejaa, lakini ya kutia katika chai yake anaagiza iletwe ile ya nyumbani. Sukari ile si yake. Sisi tunaoshika fedha na vitu vya msikiti tunalihitaji somo hilo la amana kabla ya watoto.

Zipo adabu za kuzingatia. Mzazi aitazame filamu kwanza peke yake. Hata hiyo Safari Kuu ina sehemu ambamo ujana unampotosha Réda, nazo hazifai watoto wadogo. Wakati wa sala ukiingia, filamu isimamishwe. Tukiongoja iishe ndipo tusali, tumekwisha kuwafundisha watoto kinyume cha tulichokusudia. Wanazuoni wamehitilafiana katika picha na muziki, basi kila nyumba ifuate mwanachuoni inayemtegemea, na asiyeridhia asilazimishwe. Wanazuoni wengi wamekataza kuigizwa kwa Mitume. Hivyo ni salama zaidi kuchagua visa vya watu wa kawaida.

Lugha isiwe kikwazo. Maandishi ya chini ya filamu hizi mara nyingi ni ya Kiingereza, na bibi hatayasoma. Mjukuu aliyesoma amkalie karibu, amfasirie. Katika kazi hiyo ndogo kijana huongea na mkubwa wake kwa saa nzima, jambo ambalo nyumba nyingi limekuwa adimu.

Jambo la mwisho ni haki ya mwenye kazi. Watengenezaji wa filamu za namna hii hawana makampuni makubwa nyuma yao. Nakala inayouzwa kihalali ndiyo riziki yao. Hatuwezi kuwafundisha watoto uaminifu kwa nakala ya wizi. Na anayetaka kuionesha hadharani kwa watu wengi, aombe kwanza idhini ya mwenye haki.

Filamu haichukui nafasi ya darsa wala ya kisomo. Kazi yake ni kufungua mlango wa maneno kati ya mzazi na mwana waliozoea kupishana kimya sebuleni. Wiki hii chagueni usiku mmoja baada ya Isha, simu zote ziwekwe kando, ya baba ikiwa ya kwanza.

Wabillahi tawfiq.