Wapeni cheo

Tulipotangaza mada ya toleo hili, kuongoza kazini bila cheo, nilitarajia sifa. Sikutarajia sifa tupu. Mswada baada ya mswada unamsifu mtumishi asiye na kiti wala saini, lakini ofisi nzima inamtegemea: anawafundisha wageni kazi, anapatanisha waliogombana, anajua faili liko wapi, na haombi kitu. Waandishi kadhaa wameegemea kitabu cha Robin Sharma cha mwaka 2010 kuhusu kiongozi asiye na cheo, na semina zinazohubiri mafundisho hayo hayo. Nimewasoma wote kwa makini, na nimeudhika. Wachache mno waliuliza kwa nini mtu huyo hana cheo, na nani ananufaika akiendelea kukikosa.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya toleo hili inatoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeutokomeza ugonjwa wa malale wa aina ya gambiense kama tatizo la afya ya umma. Nchini Uganda aina hiyo ni ya pembe hiyo hiyo: Arua, Koboko, Maracha, Yumbe, pamoja na Moyo na Adjumani. Wasomaji wetu wanavijua vile vijitambaa vya bluu vyenye wavu mweusi uliotiwa dawa ya kuua mbung'o, vilivyoanza kuchomekwa kandokando ya mito mwaka 2011. Wanavijua pia vipimo vya haraka vya damu vilivyofikishwa kwenye vituo vya afya kuanzia 2013. Wizara, watafiti na wafadhili walipongezwa, na walistahili.

Lakini kipimo hakiendi kumtafuta mgonjwa nyumbani. Malale ya gambiense hutambaa polepole. Mtu anaweza kukaa miezi, hata miaka, na homa zinazokuja na kuondoka, kabla vijidudu havijafika kwenye ubongo. Hapo ndipo anapoanza kusinzia mchana, kukesha usiku na kubadilika tabia. Majirani wanasema pombe imemharibu. Ndugu wanatafuta aliyemroga. Daktari aliye Arua mjini hawezi kuliona badiliko hilo, kwa sababu hakumjua mtu huyo alipokuwa mzima. Anayemjua ni mwanakijiji mwenzake, aliyemwona msimu uliopita akilima muhogo tangu alfajiri. Katika vijiji vingi, mwanakijiji huyo ndiye VHT, yaani mhudumu wa timu ya afya ya kijiji.

Tazameni anachofanya. Anakwenda kwa familia, anakaa, anasikiliza habari za uchawi bila kuzicheka, kisha anaomba mgonjwa apelekwe kituoni akapimwe. Akikataliwa anaondoka kwa heshima na kurudi siku nyingine. Zama za ukoloni watu walifyeka vichaka vya mtoni na kupanga mstari wa kupimwa kwa amri ya machifu. VHT hana amri wala askari. Ana neno lake tu, na neno hilo lina uzito kwa kuwa kijiji kilimchagua chenyewe. Ninyi mnaotafuta uongozi usio na cheo, huu hapa, na umeokoa maisha ya watu.

Sasa hesabu ya upande wa pili. Uganda ilianzisha timu hizi za afya za vijiji mwaka 2001. Tangu hapo zimeongezewa kazi kila baada ya muda: vyandarua, chanjo, rejista za kaya, wajawazito; na tangu 2010, penye mpango huo, kuwatibu watoto wa chini ya miaka mitano malaria, nimonia na kuhara. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo VHT hakuwa na mshahara. Amepata fulana, pengine baiskeli, na nauli siku ya mafunzo. Kwenye karatasi anaitwa mtu wa kujitolea. Yaani serikali na mashirika wamepanga huduma ya kudumu juu ya mgongo wa mtu ambaye hawana deni naye kisheria.

Wanaopinga kumlipa wana methali yao: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wanasema mpe pesa, moyo utapotea. Mimi nasema VHT amesifiwa kwa zaidi ya miaka ishirini na tembo lake bado ni safi; kwa hiyo hofu hiyo haina ushahidi wa kusimamia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unapendekeza wahudumu wa aina hii walipwe kulingana na kazi yao na wawe na mkataba wa maandishi. Kenya ilichukua hatua mwaka 2023: wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Malipo yamechelewa hapa na pale. Lakini anayechelewesha sasa ana deni, na deni linaweza kudaiwa.

Tena fedha ni nusu tu ya hoja yangu. Mama anaambiwa na VHT amkimbize mtoto kituoni. Anatembea kilomita kadhaa, anafika, anaambiwa dawa zimekwisha. Anaporudi, imani iliyopungua ni ile aliyokuwa nayo kwa VHT, si kwa bohari ya dawa, ambayo mama huyo hajui hata iko wapi. Na VHT, aliyetumia imani aliyoijenga kwa miaka, hana mahali rasmi pa kupeleka lalamiko. Hana kiti kwenye kikao wala haki ya kujibiwa. Cheo ni haki hiyo: ukisema, lazima mtu aandike ulichosema. Mshauri mmoja wa mambo ya ajira ametuandikia kutoka Kampala kwamba cheo humtenga kiongozi na watu wake. Nimeichapa makala yake kwa sababu imeandikwa vizuri, ingawa naamini inawafaa zaidi waajiri kuliko wanaoajiriwa.

Katika makala nyingine za toleo hili, ile ya wafagizi na walinzi wanaogeuka wakalimani kwenye vituo vya afya karibu na mpaka wa Oraba, wakipokea Kikakwa, Kilingala na Kiarabu cha Juba, ndiyo bora kuliko zote humu. Makala ya mwalimu wa Koboko anayetengeneza ratiba ya shule nzima ni fupi na kali. Mahojiano na madalali wa soko la Arua yatawafurahisha wafanyabiashara.

Linabaki swali la nani apewe hicho cheo ninachomtakia VHT, na hapa nina wasiwasi mkubwa. Mpango wa mwaka 2016 wa kuajiri wahudumu wa afya wa ngazi ya parishi ulilenga vijana wenye cheti cha sekondari. Katika vijiji vya Koboko, mwanamke anayesikilizwa kuliko wote huenda ni yule aliyeachia shule njiani, familia yake ilipokimbilia Sudan au Zaire baada ya vita vya 1979. Malale yalipochacha tena miaka ya themanini, wakati watu wakirejea, ni kizazi chake kilichouguza na kuzika. Ukiweka cheti mlangoni, unampa kijana cheo halafu unamtuma akamwombe mama huyo amfungulie nyumba za watu, bure kama zamani. Kijiji kiendelee kuchagua, mafunzo yafuate uchaguzi, na mtihani uwe wa kazi yenyewe: kujaza rejista, kuhesabu pumzi za mtoto, kutoa dozi sahihi. Jiji la Arua na wilaya ya Koboko wanaweza kuanza na jambo dogo lisilongoja bajeti ya Kampala: kila VHT apewe barua yenye jina lake na majukumu yake, na katika kila kikao cha kituo cha afya taarifa yake isomwe, ijibiwe, na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu.