Tarakilishi ya Michezo na Mfuko wa Mwanafunzi

Katika semina moja ya muhula uliopita, mwalimu wetu mmoja tunayemheshimu sana alisema, kwa mzaha uliokuwa na mwiba ndani yake, kwamba kizazi hiki cha wanafunzi wa uzamili kinayajua majina ya kadi za michezo kuliko kinavyozijua bahari za ushairi. Darasa liliangua kicheko. Nami nilicheka, ila kicheko changu kilikuwa cha mtu aliyefumaniwa, maadamu wiki iyo hiyo nilikuwa nimekamilisha kuunda tarakilishi ya michezo juu ya meza ninayoandikia tasnifu. Makala haya ni jibu langu kwake, kwa taadhima zote anazostahili. Ninashikilia kwamba mwanafunzi wa Kiswahili asiye na fedha anaweza kujiundia mashine ya namna hii kwa mkono wake, tena inafaa afanye hivyo, kwani kazi hiyo humfunza jambo kuhusu lugha yake ambalo orodha za istilahi hazijamfunza.

Kwanza tuiondoe shutuma ya upuuzi. Mnamo 2005 ulitolewa mchezo uitwao Civilization IV. Mchezaji anapoufungua, hulakiwa na kwaya inayoimba kwa Kiswahili. Ni Sala ya Bwana, iliyotiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin na kupewa jina la "Baba Yetu". Mwaka 2011 utungo huo ulipata tuzo ya Grammy, nao ukawa muziki wa kwanza uliotungiwa mchezo wa tarakilishi kuipata tuzo hiyo. Nimehudhuria makongamano mawili kuhusu utandawazi wa Kiswahili. Idhaa za ng'ambo zilihesabiwa, vyuo vya Marekani na Ulaya vinavyofundisha lugha hii vikahesabiwa, hata maneno machache ya Kiswahili yaliyomo katika filamu za katuni yakatajwa kwa fahari. "Baba Yetu" sikuusikia ukitajwa hata mara moja, ilhali pengine ndio Kiswahili pekee ambacho vijana wengi wa mbali wamewahi kukisikia. Hapa kwetu nako, mwaka 2015, kampuni ya Black Division Games ya Nairobi ilitoa mchezo wa Nairobi X, ambamo mandhari ya jiji hili yamekuwa uwanja wa mapambano. Sisi tuliozoea kuiainisha michezo ya watoto kuwa sehemu halali ya fasihi simulizi, tunapata wapi ujasiri wa kuutupa nje mchezo unaochezwa juu ya kiwambo? Msimulizi yumo, wahusika wamo, wakati na mahali vimo. Kilichobadilika ni kwamba hadhira imepewa usukani.

Lakini matini hizi hazisomwi bila mashine, na mashine ndiyo kikwazo. Tarakilishi mpya za michezo, zile zenye taa za rangi zinazomulika kama matatu za Rongai, si za mwanafunzi. Nilipouliza bei ya ile ya chini kabisa katika duka moja jijini, nilitajiwa kiasi kilichozidi shilingi 100,000. Nilishukuru, nikatoka. Taa zile, kwa maoni yangu, ni sehemu kubwa ya tunachotozwa, na hazimwongezei mchezaji hata punje moja ya kasi.

Njia ya maskini inapitia ofisini. Makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani hununua tarakilishi za mezani kwa maelfu na kuzibadilisha baada ya miaka michache, hata kama bado ni nzima. Nyingi huishia katika maduka ya barabara kama Luthuli hapa Nairobi, ambapo huuzwa kwa jina la "ex-UK" hata kama hazijawahi kuiona Uingereza. Niliyonunua mimi ni Dell OptiPlex 9020, mashine ya mwaka 2013, yenye kichakataji cha Intel Core i5 cha kizazi cha nne. Ina viini vinne na kumbukumbu ya gigabaiti 8. Kwa kuandika tasnifu ni nguvu za kupindukia. Kwa michezo ina upungufu mmoja tu, nao ni kwamba michoro huchorwa na kichakataji chenyewe, kazi ambayo hakikuumbiwa. Civilization IV itachezeka hivyo hivyo bila nyongeza, na mwenye haja nayo tu na aishie hapo. Kwa michezo ya miaka ya karibuni lazima itiwe kadi ya michoro.

Hapo ndipo nilipoanguka. Nilikuwa nimesoma, nami nikajiona mjuzi. Nilinunua kwa shilingi 9,500 kadi iliyotumika, Radeon RX 570, kwa kuwa nilivutiwa na sifa zake. Muuzaji aliniuliza swali moja tu: "Boss, pawa yako iko na pini?" Nikamjibu, "Iko nazo, fundi," kwa sauti ya mtu asiyependa kuonekana mshamba, ilhali sikujua alichouliza. Nilipofika chumbani na kuifungua mashine, ndipo swali likanielea. Tundu la kadi kwenye bodi mama hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi ile inahitaji takriban wati 150, na ziada hiyo huletwa na waya wenye pini nane unaotoka moja kwa moja katika kisanduku cha kugawia umeme. Mashine yangu ya ofisini haikuwa na waya wa namna hiyo. Kisanduku chenyewe kina wati 290 tu, zilizopimwa kwa matumizi ya karani, si ya mchezaji.

Msomaji atasema, basi si ungebadilisha kisanduku hicho? Nilifikiri hivyo pia. Lakini aliyeiunda OptiPlex hakufuata kipimo cha kawaida. Bodi mama za kawaida hupokea umeme kwa kichwa cha pini 24, nayo ya mashine hii hupokea kwa kichwa cha pini nane, kwa hivyo kisanduku cha dukani hakiingii bila kiunganishi maalumu. Fauka ya hayo, visanduku vya bei rahisi vilivyoandikwa wati 500 ubavuni mara nyingi haviwezi kuzitoa wati hizo, na kinapofeli kimoja huweza kuondoka na bodi mama, diski na sura mbili za tasnifu. Katika mashine nzima, hiki ndicho kifaa ambacho simshauri mwanafunzi yeyote akitafutie urahisi. Asiyekuwa na fedha za kisanduku kizuri na abaki na kile cha ofisini, kisha atafute kadi inayotosheka na wati 75.

Kadi hizo zipo. Mwenye duka alikataa kunirudishia fedha, jambo ambalo siwezi kumlaumu sana kwa kuwa aliniuliza nami nikadanganya. Baada ya wiki tatu za kwenda na kurudi alikubali kubadilishana kwa nyongeza ya shilingi 1,500, akanipa GeForce GTX 1050 Ti. Ni kadi ya mwaka 2016 yenye kumbukumbu yake ya gigabaiti 4, na hiyo niliyopewa haihitaji waya wa ziada. Ikaingia, ikawaka. Yule anayenunua kasha jembamba, lile linalolazwa chini ya kiwambo, ajue kwamba litapokea kadi fupi za nusu kimo pekee. Kwa hiyo apime kabla ya kulipa.

Hesabu yangu yote ilikuwa hivi: mashine shilingi 14,000 na kadi 11,000. Niliongeza 2,000 za kumbukumbu nyingine ya gigabaiti 8, na 2,800 za diski isiyo na sahani inayozunguka, ambayo mafundi huiita esesidi na ambayo huibadilisha mashine kuukuu kuliko kifaa kingine chochote cha bei hiyo. Kiwambo kilichotumika kilinigharimu 4,000, kicharazio na kipanya 800. Jumla ni 34,600. Sikuweka taa. Kuhusu umeme, mashine ikitumia wati 200 kwa saa nne haijamaliza uniti moja, kwa hivyo wenzangu wa vyumba vya kupanga wasiogope tokeni.

Lipo suala la mfumo endeshi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa watumiaji wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi mashine za kizazi hiki. Mimi nimeweka Linux, ambayo haina bei. Tangu 2018 kampuni ya Valve imekuwa ikitoa programu iitwayo Proton inayowezesha michezo mingi ya Windows kuchezeka humo. Si yote. Baadhi ya michezo ya kushindana mtandaoni hukataa kabisa, na mwenye uraibu wa hiyo ajue mapema. Hata hivyo, kuachwa huko kwa Windows 10 kunazisukuma nje ya ofisi mashine nyingi ambazo bado ni nzima, na ofisi zikitupa, sisi huokota. Tangu mwishoni mwa 2025, vilevile, bei ya kumbukumbu mpya imepanda mno kwa kuwa viwanda vimeielekeza kwenye mitambo ya akili mnemba. Mashine kuukuu inayokuja na kumbukumbu yake ndani imezidi kuwa na maana.

Sasa nirudi kwa mwalimu wangu na bahari zake. Kilichonigharimu wiki tatu hakikuwa ukosefu wa istilahi. Istilahi nilikuwa nazo. Tangu shule ya upili tumebishana iwapo tuseme tarakilishi, ngamizi au kompyuta, tukakariri kichakataji, kiwambo na kicharazio, tukaandika katika mtihani na kupata alama. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na kazi ile naitukuza. Lakini kazi za aina hiyo huishia kwenye kiwambo. Chini ya kifuniko, palipo na pini na wati, mwenye lugha ni fundi wa Luthuli, na nilipoulizwa kwa lugha yake sikuwa na jibu.

Lugha hiyo yastahili kusikilizwa. Ni kweli kwamba nomino zake ni za mkopo: prosesa, madabodi, ramu, pawa. Vitenzi, hata hivyo, ni vyetu, tena vina mpango. Katika siku nilizoketi dukani nikingoja kubadilishiwa kadi, nilisikia kwamba mashine hulala na kuamka, kadi hula stima, ramu iliyokufa haifufuki, na bodi hukataa au kukubali kipuri kama mwili unavyokataa chakula. Nikaona kwamba tarakilishi nzima imesawiriwa kuwa kiumbe hai, bila kamati yoyote kuketi. Mwanafunzi wa sitiari atapata wapi data safi kuliko hiyo? Nasi bado tunatunga istilahi tukiwa tumeketi mbali na vitu vyenyewe, kisha tunashangaa kwa nini fundi hazitumii. Anazitumiaje ilhali hazimsaidii kuuliza kama pawa ina pini? Mimi mwenyewe nimeandika humu "kisanduku cha kugawia umeme" mara moja, nikachoka, nikabaki na "kisanduku". Yeye husema "pawa", kazi ikaendelea.

Sidai kwamba mwalimu amekosea kabisa. Fedha nilizotumia zilikuwa zimetengwa kwa safari ya utafiti Lamu, safari ya Desemba. Nilisafiri Aprili. Mzee mmoja niliyekusudia kumrekodi alikuwa ameshahamia kwa mwanawe bara, nami sikumpata. Hilo ni deni ambalo mashine haiwezi kunilipia, ingawa rekodi za wazee wengine wanne nimezisafisha na kuzinukuu humo humo, usiku, baada ya kucheza au badala ya kucheza. Mwalimu akiniuliza kama ningeunda tena, nitamwambia ndiyo. Ila ningetangulia Lamu, kisha nirudi Luthuli, na kabla ya kutoa shilingi hata moja ningeifungua mashine na kuzihesabu pini.