Tukazeekee Wapi?

Mama mwenzangu, wako dada zetu waliofanya kazi Uingereza miaka mingi. Sasa kustaafu kumekaribia. Baba asema, "Turudi Kenya, maisha ni nafuu." Mama auliza, "Na hospitali je?" Wote wawili wana haki. Kabla ya kufunga mizigo, kaeni pamoja mpige hesabu.

Kwanza, pensheni. Pensheni ya serikali ya Uingereza hulipwa hata Kenya au Tanzania, lakini huko haiongezwi kila mwaka. Hubaki pale pale, huku bei za sokoni zikipanda. Kwa wanaohamia Mauritius, Ufilipino au Ureno, huongezwa.

Pili, matibabu. Matibabu ya bure ya Uingereza ni ya wakazi. Ukihamia Kenya kabisa, miaka uliyochangia haikupi haki ya kurudi kutibiwa bure. Tengeni fedha za bima mapema.

Tatu, uraia. Kenya iliruhusu uraia wa nchi mbili mwaka 2010; Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima.

Msiuze nyumba kwa haraka. Pangisheni kwanza, mkaishi huko miezi sita, mvua na kiangazi. Tazameni umbali wa hospitali, na kama majirani wataitika mkiita usiku.

Mwisho, ulizaneni bila woga: mmoja wetu akitangulia, atakayebaki ataweza kuishi hapa peke yake? Mara nyingi atakayebaki ni mama. Basi sauti yako isikike leo, ungali na mwenzako.