MASHAURI YA NYUMBANI: Kununua Pikipiki Kuukuu



Mwalimu mmoja wa shule ya kijijini, katika Tanzania bara, ametuletea neno. Hajapata kuwa na pikipiki. Shule yake i mbali, naye huenda kwa miguu kila siku. Mzee mmoja wa kanisa lake ataka kumwuzia pikipiki yake, ambayo ni ya miaka mingi. Fedha anayo, lakini ndani ya fedha hiyo imo ada ya mtoto wake. Tena aona haya kuikagua, asije akaonekana kumshuku ndugu katika imani. Auliza kama yampasa kununua kwa kuliamini neno la mzee tu. Twamjibu yeye, na wote walio katika hali kama yake.

Kwanza, haya hiyo na aiweke kando. Tumkumbuke Ibrahimu alipotaka mahali pa kumzika Sara. Efroni alisema atampa shamba bure, lakini Ibrahimu alimpimia shekeli 400 za fedha mbele ya watu wa mji (Mwanzo 23). Hakufanya hivyo kwa kumshuku Efroni. Alitaka pasiwe na maneno baadaye. Sisi tumeona ndugu wakikosana kwa sababu ya kitu kilichouzwa kwa haya. Mzee mwema hatachukizwa akiombwa, "Baba, tuitazame pamoja."

Pili, namna ya kukagua. Aende asubuhi, pamoja na fundi asiye jamaa wa mwuzaji. Kabla ya kuwasha, aiguse injini kwa tahadhari. Ikiwa na moto, imekwisha kuwashwa mapema, na huenda ni nzito kuwaka ikiwa baridi. Ikiisha kuwaka, autazame moshi. Moshi wa buluu usiokoma ni dalili kwamba injini yala oili, maana ringi za pistoni au sili za valvu zimechakaa, na matengenezo yake ni ghali. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, na mara nyingi ni kazi ndogo kwa fundi. Aivute cheni nyuma ya sproketi kubwa. Ikiinuka hata nusu ya jino ionekane, imekwisha, na cheni mpya yataka sproketi mpya zote mbili. Gurudumu la mbele liinuliwe, augeuze usukani polepole. Ukinasa katikati, beringi zake zimeharibika. Ubavuni mwa tairi hupigwa tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka: 2314 ni juma la 23 la mwaka 2014. Mpira wa zamani hukauka na kupasuka, ijapokuwa meno yake bado ni marefu.

Lakini uzee peke yake si kosa. Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, iliundwa kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hufanya kazi nzito na kutunzwa kidogo; hata cheni yake ilifunikwa yote, vumbi lisiingie. Viwanda vingi vya China viliiga injini yake. Basi aulize kwanza kama vipuri vyapatikana mjini karibu naye. Pikipiki ya kawaida yenye vipuri ni bora kuliko ya fahari isiyo navyo.

Tatu, mali bila daftari huisha bila habari. Namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi, na jina la kadini liwe la mwuzaji mwenyewe. Kisha umiliki uhamishwe kwa Mamlaka ya Mapato. Hilo lamlinda mzee pia, maana bila hivyo makosa ya mwenye pikipiki mpya yatatafutwa kwa jina lake.

Nne, ahesabu gharama, kama Bwana alivyofundisha habari za mtu atakaye kujenga mnara (Luka 14). Juu ya bei aongeze uhamisho, bima, leseni, matengenezo ya kwanza, na kofia ngumu. Kofia isiachwe hata kidogo. Uchunguzi uliokusanywa na wataalamu wa Cochrane, ukatolewa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa sehemu 42 katika 100, na ya kuumia kichwa kwa sehemu 69.

Hesabu hiyo aifanye pamoja na mkewe, kabla ya kumpa mzee jibu. Ikiwa yaigusa ada ya mtoto, basi angoje, amwambie mzee wazi kwamba fedha haijatosha. Kusema hivyo si aibu. Na akinunua, ajifunze kwanza uwanjani pasipo watu, wala asimpakie mtoto mpaka mikono yake imezoea.

Mungu awalinde njiani na nyumbani.