Andika Bei Yako, Mkulima

Siku hizi mtu wa Kiminini aweza kupiga picha ya majogoo wake kwa simu, naye mnunuzi aliye Bungoma mjini akaiona kabla chai haijaiva. Hilo ni jambo jema, na wote wanaouza kwa njia hiyo twawasifu. Lakini ukiyatazama matangazo yenyewe utaona kasoro moja ambayo yafaa isemwe wazi. Mengi hayana bei. Moja lasema, "Kuku wanauzwa, piga simu." La pili lasema, "Bei ni maelewano." La tatu limeandikwa shilingi 1, ili watu wavutike tu.

Shauri letu ni hili: andika bei. Iandike kwa tarakimu, pamoja na kipimo chake na mahali pa kuchukulia mali. Mkulima afichaye bei amemwachia mnunuzi nafasi ya kuitaja kwanza, na mnunuzi hataanza juu.

Kwa nini jambo hili ni gumu kwetu

Skimu kubwa za kugawa mashamba ya walowezi zilipoanza mwaka 1962, mkulima alipewa ardhi pamoja na deni la kulipwa kwa miaka 30. Katika skimu kama Ndalu, Tongaren na Naitiri wazee wetu walifundishwa kupanda kwa mistari, kukamua kwa usafi na kuogesha ng'ombe. Kutaja bei hawakufundishwa, kwa maana haja haikuwapo. Bei ya mahindi ilitangazwa na Serikali, na mnunuzi alikuwa bodi: tangu mwaka 1966 Bodi ya Mahindi na Mazao, na tangu mwaka 1979 Bodi ya Nafaka na Mazao.

Mwisho wa mwaka 1993 vizuizi vya biashara ya mahindi viliondolewa. Bodi ipo hata leo, na maghala yake yako Kitale na Bungoma, lakini si yenyewe tu inunuayo. Mabroka waliingia mashambani na malori yao. Broka huja na bei mdomoni, na mara nyingi na gunia lililoongezwa kichwa.

Basi kwa muda mrefu bei ilitoka kwa mtu mwingine, kwanza kwa bodi, halafu kwa broka. Sasa unafungua soko la simu, liwe Jiji, au Facebook, au kundi la WhatsApp la wakulima, na swali la kwanza ni: Bei gani? Swali hilo unaulizwa wewe mwenye mali. Ukiliruka, umerudi pale pale kwa broka, ila safari hii umemwita mwenyewe na bando ni lako.

Hesabu kwanza, kisha uandike

Wauzaji wapya wengi hutazama tangazo la jirani, wakapunguza shilingi 50, wakaona wamemaliza kazi. Haifai. Jirani naye huenda alitazama kwa mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyehesabu. Chukua daftari. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, weka zako.

Tuseme mama mmoja alinunua vifaranga 20 wa kienyeji kwa shilingi 100 kila kimoja, jumla 2,000. Kwa miezi mitano chakula kilimgharimu 9,000. Chanjo na dawa 600. Maranda, mafuta ya taa na matengenezo ya banda 1,400. Kazi ya kulisha na kufagia, hata kama imefanywa na watu wa nyumbani, ameihesabu kuwa 3,200. Jumla ni shilingi 16,200. Kuku wawili walikufa, wamebaki 18. Gawanya 16,200 kwa 18, utapata 900. Hiyo ndiyo gharama ya kuku mmoja.

Sasa mtazame mwenzake asiyehesabu kazi, na agawanyaye kwa 20 kana kwamba hakuna aliyekufa. Yeye atapata 650. Akiuza kwa 750 atajiona amepata faida ya 100 kwa kila kuku. Kwa kweli amepoteza 150, na kwa kuku 18 hasara yake ni shilingi 2,700. Fedha hizo hazikuibwa na mtu. Ziliondoka kwa kukosa hesabu.

Ukishajua gharama, ongeza faida yako. Mama wa mfano wetu aweza kuandika 1,050. Katika daftari, mahali ambapo mnunuzi haoni, aandike pia bei ya mwisho, tuseme 1,000, ambayo hatashuka chini yake hata akibembelezwa namna gani. Mtu mwenye bei ya mwisho iliyoandikwa hachoki upesi katika mabishano.

Kisha linganisha na soko. Wizara ya Kilimo ina huduma iitwayo KAMIS ambayo huonyesha bei za masoko mbalimbali kwenye mtandao. Itazame, au mwombe kijana wa nyumbani akutazamie. Ikiwa soko liko juu ya bei yako, unaweza kuongeza. Ikiwa liko chini ya gharama yako, usilaumu simu. Tafuta gharama ipi imekuzidi, na umwulize afisa wa kilimo wa kaunti namna ya kuipunguza.

Bei bila kipimo si bei

Ukiandika "maharagwe shilingi 300" hujasema kitu. Ni kilo, ni gorogoro, ni debe? Na gorogoro ya nani? Sote twajua mkebe uliobonyezwa kitako, na ule unaojazwa mpaka kilima. Mnunuzi aliye mbali hawezi kuutazama mkebe wako, kwa hiyo atafikiri mabaya. Andika kilo. Kama huna mizani, azima, au mnunue moja katika kikundi chenu. Kwa mahindi sema kama gunia ni la kilo 90 au la kilo 50, na useme kama yamekauka na kupembuliwa.

Andika pia mali iko wapi na nauli ni ya nani. Mtu wa Bungoma akiona kuku kwa 1,050, yafaa ajue kama bei hiyo ni ya nyumbani kwako au ya stendi ya Kitale. Bodaboda, kreti na matatu ni gharama, na gharama isiyotajwa mwanzoni huzaa ugomvi mwishoni. Tangazo zuri ni kama hili:

"Majogoo wa kienyeji 18, umri miezi mitano, wamechanjwa. Kila mmoja sh. 1,050 ukija kuchukua Kiminini, sh. 1,150 nikikuletea stendi ya Kitale. Wako tayari kuanzia Jumamosi."

Maneno ni machache, na mnunuzi hana la kuuliza ila "Wamebaki wangapi?"

Piga picha ya mali yako mwenyewe, mchana, mahali peupe. Wako watu wanaouza mtamba wa Trans Nzoia kwa picha ya ng'ombe wa Ulaya. Mnunuzi akifika na kuona mnyama mwingine, hataondoka kimya. Atawaambia kundi zima. Kama ndizi ina doa, lionyeshe doa, upunguze bei kwa sababu hiyo. Atakayenunua amejua anachonunua, na atarudi.

Majibu kwa wanaopinga

Wengine husema, "Nikiandika bei, jirani ataandika ya chini." Huenda. Lakini jirani auzaye chini ya gharama hatakuwa na vifaranga msimu ujao. Tena mkiwa katika kikundi au ushirika, kaeni pamoja mhesabu gharama zenu. Mkishajua wote kwamba kuku hugharimu 900, nani atakubali kuuza kwa 750?

Wengine husema, "Mnunuzi akiona bei atakimbia, afadhali apige simu nimbembeleze." Atakayekimbia kwa kuona 1,050 angekimbia pia baada ya kukusumbua kwa simu kumi. Na wako wanunuzi wazuri, watu wa hoteli, shule na maduka, ambao wana kazi nyingi. Wakiona tangazo lisilo na bei huliacha, wakaenda kwa lenye bei. Hao hutawajua kamwe, kwa kuwa hawakupiga simu.

Wengine husema, "Sisi ni watu wa maelewano." Ni kweli, na si vibaya. Lakini maelewano yana mahali pa kuanzia. Hata mama wa soko la Chwele hukutajia bei kabla hujaanza kumlilia.

Tahadhari mbili

Ya kwanza ni ya fedha. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na walaghai hawakuchelewa kuifuata. Mtu aweza kukutumia ujumbe wa uongo usemao umelipwa. Usiutazame ujumbe tu. Tazama salio lako. Usipakie kuku kwenye matatu mpaka umeona fedha zimeingia. Na mtu akikuambia utume "ada ndogo" kwanza ili akununulie, mwache, huyo hanunui kitu.

Ya pili ni ya wateja. Soko la simu laweza kubadilika bila kukuuliza. OLX, ambayo wengi waliizoea, ilinunuliwa na Jiji mwaka 2019. Kwa hiyo kila anayenunua kwako, mwombe ruhusa uandike jina lake na namba yake katika daftari. Sokoni watu hupita tu. Wateja wa kudumu ni wale unaowaweka katika daftari lako.

Neno la mwisho

Ndugu mkulima, shamba la skimu lililipiwa kwa jasho la miaka mingi. Haifai mazao yake yapangiwe bei na mtu asiyejua uliamka saa ngapi. Jioni ya leo, kabla hujaweka tangazo jingine, keti na mwenzio wa nyumbani mhesabu gharama ya kitu kimoja tu, kiwe trei ya mayai, kiwe kilo ya maharagwe. Kisha mwandike bei, kipimo na mahali. Mali bila daftari hupotea bila habari.