MWACHENI AMEZE DAWA YAKE



Leo sina neno la kutia moyo kama kawaida yangu ya asubuhi. Leo nina kesi. Nina kesi na kanisa, na mshtakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe. Tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kuandika "Amina" hapo chini.

Kuna dada mmoja katika ushirika wetu. Amenipa ruhusa nisimulie, ila jina lake na mtaa wake ninaficha. Alikuwa katika timu ya sifa. Mwaka aliomzika mama yake, alianza kupotea polepole mbele ya macho yetu. Kwanza ulikwenda usingizi. Akawa anaamka saa tisa usiku, anakaa jikoni gizani hadi majogoo. Kisha chakula kikamshinda. Mwishowe wimbo nao ukamshinda. Jumapili moja alishika maikrofoni, akafungua mdomo, na sauti haikutoka.

Tulimwombea. Tulifunga naye siku tatu. Maombi hayo siyajutii, maana ni baada ya hayo alipata nguvu ya kumwambia mume wake, "Nipeleke hospitali."

Daktari alimwambia ana depresheni, ugonjwa ambao wengine huuita sonona. Akampa tembe za mirtazapine, moja kila usiku. Wiki ya kwanza akalala. Baada ya mwezi na nusu akacheka. Mwezi wa tatu alirudi kwenye maikrofoni, na wengi wenu mlilia machozi siku hiyo.

Lakini hamu ya kula nayo ilirudi, na haikurudi kwa adabu. Alikuwa anaamka usiku kutafuta mkate. Ndani ya miezi sita aliongeza kilo 11. Sare ya timu ya sifa ikakataa kufungika.

Na hapo ndipo sisi kanisa tukaanza kazi yetu.

"Dada, mwili umekubali!" "Aki mume wako anakutunza." "Punguza chapati, mpendwa." "Hiyo ni mimba ama ni baraka?" Wengine walinong'ona kwamba mtu anayefunga kila Jumatano hawezi kunenepa namna hiyo.

Na mimi mchungaji wenu? Jumapili moja nikifundisha juu ya kufunga, niligeuka upande wa waimbaji nikasema kwamba wengine hufunga kwa mdomo, lakini sketi zao zinatoa ushuhuda mwingine. Kanisa lilicheka. Nami nilikifurahia kicheko hicho. Kila mtu alijua nilikuwa namtazama nani.

Usiku huo alizimwaga tembe zake zote chooni. Hakumwambia mtu.

Siku chache baadaye kichwa kilianza kuzunguka, tumbo likachafuka, usingizi ukakatika. Baada ya wiki tano lile giza lilikuwa limerudi, na lilikuja na wenzake. Siku moja mume wake alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida, kwa sababu ambayo mpaka leo hawezi kuieleza. Angerudi saa yake ya kila siku, ningekuwa nimehubiri mazishi. Sitasema zaidi ya hapo. Dada yuko hai, utukufu ni kwa Mungu.

Nilipokwenda kumwona hospitalini nilibeba Biblia na mafuta. Hakunilaumu. Alinitazama tu, akaniambia maneno ambayo sijaweza kuyatoa kichwani: "Pastor, ugonjwa wangu hamkuuona. Kilo zangu mliziona."

Mpendwa, nenda usome 1 Samweli sura ya kwanza. Hana alikuwa na uchungu hadi hali chakula, na huku nyumbani alikuwapo mtu wa kumchokoza. Alipokwenda hekaluni kummiminia Mungu moyo wake, kuhani Eli alimtazama midomo, akaamua kwamba amelewa. Kuhani! Mtu aliyekaa mlangoni pa nyumba ya Mungu alimwona mgonjwa wa moyo akadhani ni mlevi. Mimi ndimi yule Eli. Tofauti ni kwamba Eli, Hana alipojieleza, alibadilisha maneno yake palepale na kumbariki. Mimi nilingoja mpaka mtu akaribie kaburi.

Sasa nataka tuvunje uongo wa aina tatu unaokaa ndani ya makanisa yetu.

UONGO WA KWANZA: "Mwenye imani hamezi dawa za akili."

Nani alikufundisha hivyo? Mfalme Hezekia alikuwa tayari ameahidiwa na Mungu miaka 15 ya kuongezewa, na bado Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Timotheo alikuwa na tumbo linalomsumbua, na Paulo hakumwambia akemee. Alimwagiza atumie divai kidogo. Luka, aliyetuandikia Injili, alikuwa tabibu, na Paulo anamwita mpendwa.

Mama akimeza dawa ya presha tunamwambia, "Usisahau, mama." Mzee akijidunga insulini kabla ya chai, tunamngoja. Lakini tembe ikiwa ya akili, ghafla imekuwa pepo! Wenye umri wangu mnakumbuka enzi za ARV. Mnakumbuka watu walioambiwa watupe dawa kwa sababu wameombewa, na mnakumbuka tuliwazika. Hatukujifunza?

Eliya alipokaa chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumjia na mahubiri. Alikuja na mkate na maji, akamwacha alale, kisha akaja tena na chakula kingine. Sauti ya Mungu kule Horebu ilikuja baadaye. Mungu alianza na mwili wa mtumishi wake. Wewe unayeanza na kumkemea, umejifunza kwa nani?

UONGO WA PILI: "Amenenepa kwa sababu ya ulafi na maisha ya raha."

Sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ujinga wetu unaumiza watu. Dawa za depresheni haziko sawa zote. Mirtazapine na amitriptyline, hii ya pili ni ya zamani na ya bei nafuu, huziba histamini mwilini. Histamini hiyo ndiyo huuweka ubongo macho na pia husaidia kuzuia njaa. Ikizibwa, mtu analala, na pia anasikia njaa ya kweli, hasa ya vitu vya wanga na sukari. Hiyo si tamaa ya mwili ile tunayoikemea madhabahuni. Ni dawa inafanya kazi mahali pawili kwa wakati mmoja.

Paroxetine nayo inajulikana kuongeza uzani kuliko ndugu zake. Fluoxetine na sertraline kwa kawaida huongeza kidogo, na fluoxetine mwanzoni hata inaweza kupunguza. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2024, uliotazama rekodi za watu zaidi ya 183,000 walioanza mojawapo ya dawa nane. Mirtazapine haikuwemo. Kwa wastani, baada ya miezi sita hakuna dawa kati ya hizo nane iliyoongeza hata kilo moja nzima. Lakini wastani ni wastani: mmoja haongezi kitu, mwingine anaongeza kilo nyingi.

Na kuna jambo lingine tunalisahau. Mtu ambaye ugonjwa ulimnyima chakula miezi minne, akianza kupona atarudisha mwili wake. Nyingine ya hizo kilo mnazozicheka ni uponyaji. Mlimwombea ale. Sasa amekula, mnamcheka.

UONGO WA TATU: "Ukishajisikia vizuri, acha dawa, na ukiona inakunenepesha, itupe."

Huu ndio unaoua. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na hata baada ya mtu kupona, madaktari hushauri aendelee kwa miezi mingi, mara nyingi tisa hadi kumi na miwili, ili ugonjwa usirudi. Ukizikata ghafla mwili unashtuka: kizunguzungu, kichefuchefu, hasira, kukosa usingizi, hata kusikia kama umeme unapita kichwani. Halafu ugonjwa wenyewe unaweza kurudi. Dawa hizi hupunguzwa kidogo kidogo, daktari akijua.

Sasa ngoja niseme nawe unayemeza tembe hizo kwa siri, unayezificha ndani ya mkoba chini ya leso ili mama wa ushirika asizione.

Sitakuambia kwamba kilo si kitu. Huo nao ni uongo, hata ukisemwa kwa upendo. Najua umesimama mbele ya kabati Jumapili asubuhi na hakuna nguo inayokuingia. Najua unaogopa sukari na presha, na kama ziko katika familia yenu una haki ya kuogopa. Lalamiko lako ni la kweli. Lakini lipeleke mahali linapoweza kusaidiwa. Usilipeleke chooni pamoja na tembe.

Rudi kwa daktari, sema wazi: "Dawa imenisaidia, lakini uzani wangu umepanda kutoka hapa hadi hapa." Jipime kila mwezi, uandike, uende na karatasi. Uliza kama kipimo kinaweza kubadilishwa. Uliza kama kuna dawa nyingine isiyonenepesha sana, maana nyingine zipo. Uliza kama upimwe sukari na presha. Uliza kuhusu ushauri nasaha, maana nao ni tiba. Kama una mimba, au unanyonyesha, au unatumia dawa nyingine, sema. Na daktari akikuhudumia kwa dakika tano bila kukusikiliza, omba kueleza tena. Hiyo haki unayo.

Nyumbani, njaa ya usiku usiingoje mikono mitupu. Weka karibu ndizi, yai la kuchemsha au maharagwe, badala ya mkate na soda. Tembea hata nusu saa jioni. Ukiweza zaidi, sawa. Usipoweza leo, Mungu hajakuacha.

Na ninyi waume: mke wako akiongeza kilo akiwa katika matibabu, wewe ndiwe wa kwanza kumlinda na maneno. Usimlinganishe na picha ya harusi. Yule wa kwenye picha na huyu aliye jikoni ni mtu mmoja, na huyu wa jikoni amepigana vita usivyovijua. Wanaume nao wanazimeza dawa hizi, ila wao huwa tunawaambia kitambi ni dalili ya pesa, nao wanacheka na kuumia peke yao.

Kwenu watumishi wenzangu neno langu ni kali. Ukisimama madhabahuni ukaamuru watu watupe dawa, na mtu akafa, usimtaje shetani kwenye mazishi. Ulikuwepo. Mtu akishuhudia kwamba Mungu amemponya, mshangilie, kisha umtume kwa daktari aliyempa dawa ili uponyaji huo upimwe. Wale kumi wenye ukoma, Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Muujiza wa kweli hauogopi kupimwa.

Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinapingana na Katiba. Jaji amemtazama mtu huyo akaona mgonjwa anayehitaji kusaidiwa. Je, kanisa litabaki nyuma ya mahakama? Tutaendelea kuona mkosaji, na mtu akitaja tu Mathari tunatoa macho?

Jumapili iliyopita niliomba msamaha mbele ya kanisa, dada akiwa ameketi. Leo naomba tena hapa, kwa sababu kicheko kile kilisambaa kuliko kuta za kanisa. Nilikosa. Neno langu lilimfikia akiwa dhaifu, na lilikaribia kumaliza kile ambacho ugonjwa ulianza. Sasa anatumia dawa nyingine aliyobadilishiwa na daktari. Uzani haujarudi ulivyokuwa. Sauti imerudi. Sare mpya tumemshonea, na fundi ameambiwa aache nafasi ya kupumua.

Kuanzia leo, katika ushirika huu, hakuna kumsalimia mtu kwa mwili wake. Usiseme umenenepa, usiseme umekonda. Sema, "Nimefurahi kukuona." Inatosha.

Kama giza limekuzidi na mawazo ya kujidhuru yanakujia, usingoje ibada. Mwambie aliye karibu nawe sasa hivi, nenda hospitali iliyo karibu, au piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ni bure. Kisha unipigie na mimi. Nitakuja, na sitauliza maswali ya imani.

Tuombe. Baba, mlinde anayemeza dawa yake usiku huu akiwa na aibu. Mwondolee aibu, umwachie dawa. Wape madaktari wetu masikio. Na sisi wenye midomo mirefu, utufunge midomo mpaka tujifunze kuitumia. Katika jina la Yesu.

Sasa, usiandike "Amina" hapa chini. Leo sizihitaji. Wewe unamjua mtu uliyemcheka. Mpigie simu, umwombe msamaha. Ukimaliza, hiyo ndiyo Amina yako.

Mbarikiwe.
Mchungaji wenu.